Makufuli ya Linux na Foleni Iliyobuniwa 1991

Linux 2.0 ilipoanza kuhudumia kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja mwaka 1996, kerneli nzima ililindwa na kufuli moja kubwa. Prosesa moja ikiwa ndani, nyingine husubiri. Kufuli hilo lilivunjwa vipande vidogo, na mabaki yake yakaondolewa kabisa mwaka 2011. Msongamano ulikuwa umeshahamia kwenye kache.

Humo kila prosesa hujiwekea nakala ya kumbukumbu, kwa kawaida katika mistari ya baiti 64. Mmoja akiandika, nakala za wenzake hubatilika. Na prosesa inayosubiri kufuli hailali. Huuliza tena na tena kama limefunguka. Wengi wakigombea mstari mmoja, hata mwenye kufuli hucheleweshwa anapotaka kuliachia.

Mwaka 2008 Nick Piggin aliingiza utaratibu wa namba, kama zile za kusubiri benki. Haki ilipatikana: anayetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Ila wote waliendelea kukodolea macho namba ileile. Ikibadilika, kila prosesa hukimbilia kuisoma upya, ingawa zamu ni ya mmoja tu. Mwaka 2012 watafiti wa MIT walionyesha, kwa mashine ya kori 48, kwamba kasi haidumai tu: kori chache zikiongezwa, inaporomoka ghafla.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa imeandikwa tangu 1991. John Mellor-Crummey na Michael Scott walipendekeza foleni: kila anayesubiri aangalie sehemu yake mwenyewe ya kumbukumbu, na anayetoka amguse aliye nyuma yake peke yake. Mbona ikachelewa? Mimi nalaumu ufinyu wa nafasi. Kufuli la Linux lina baiti 4 na limetapakaa ndani ya miundo chungu nzima ya data. La wawili hao, kwenye mashine za biti 64, lahitaji anwani ya baiti 8.

Waiman Long na Peter Zijlstra walipata ujanja: badala ya anwani, andika namba ya prosesa. Kila prosesa ikatengewa nafasi nne za foleni, kwa kuwa kazi ya kawaida yaweza kukatizwa na ukatizaji laini, huo na ule wa maunzi, na huo tena na ule usiozuilika, hapazidi hapo. Anayesubiri peke yake haingii foleni kabisa, biti moja yamtosha. Toleo la 4.2, mwaka 2015, liliupokea mpango huo, na kufuli likabaki na baiti zake 4.