«Sheria ya Obama» na magunia ya Kivu

Tarehe 21 Julai 2010, Raisi Obama alitia saini sheria kubwa ya mabenki, Dodd-Frank. Ndani yake kifungu cha 1502 kilitugusa sisi: bati, coltan, tungsten na dhahabu.

Hadi leo wengi huku Kivu wanasema Marekani ilikataza madini yetu. Haikukataza. Iliyataka makampuni ya soko lake la hisa yachunguze kama madini yao yanatoka Congo ama kwa majirani, kisha yatangaze kila mwaka. Hapo wafanyabiashara wakapiga hesabu. Kufuata gunia kutoka shimo la Walikale mpaka ndani ya simu ni gharama. Kununua Australia kulidai maelezo machache zaidi. Njia rahisi ya kuonekana msafi ilikuwa kutuacha.

Septemba 2010 Raisi Kabila naye akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Machi 2011 akafungua, lakini wanunuzi wengi hawakurudi. Wachimbaji wakabaki na magunia, watoto wakafukuzwa shuleni kwa deni. Wenye bunduki, wao, walikimbilia dhahabu, maana inaingia mfukoni.

Intel, tukubali, ilichagua njia ngumu, na Januari 2014 ikatangaza prosesa zisizo na madini ya vita. Magunia nayo yakaanza kufungwa vibandiko vyenye namba. Ada ya vibandiko hivyo inalipwa huku kwetu, na mara nyingi inakatwa kwenye bei ya mchimbaji.