Chanjo ya influenza kwa watoto

Chanjo ya influenza kwa watoto ni kinga ya kila mwaka dhidi ya homa ya mafua makali, inayoanza kutolewa mtoto akitimiza miezi 6. Kwa kuwa virusi hubadilika upesi, Shirika la Afya Duniani hupendekeza upya viambato vyake kila Februari kwa kizio cha kaskazini na kila Septemba kwa kizio cha kusini.

Kisa chenye mafunzo mengi ni cha Japani. Ilianza kuwachanja wanafunzi mwaka 1962, ikafanya chanjo kuwa ya lazima mwaka 1977, ikawaruhusu wazazi kukataa mwaka 1987, kisha ikausitisha mpango mwaka 1994. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kuwa mpango huo ulizuia vifo 37,000 hadi 49,000 kwa mwaka, hasa vya wazee. Waliodungwa, kumbe, walikuwa wajukuu. Makadirio hayo yamepingwa na baadhi ya wataalamu.

Uingereza ilianza mwaka 2013 kuwapulizia watoto puani chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, visivyomudu joto la mapafu. Ina jelatini ya nguruwe. Familia zinazoikataa, zikiwemo za Waislamu, huweza kuomba sindano isiyo nayo.