Pete ya Mama Mkubwa

Sonara wa Singida mjini aliikata pete ya mama mkubwa kwa msumeno mdogo. Haikutoka hata kwa sabuni. Viatu navyo vilikuwa vimepanda kutoka namba 38 hadi 41. Kule Iramba wengine walisema ni mkono wa mtu. Sisi tulisema anazeeka. Ukimwona mtu kila siku, huoni anavyobadilika.

Aliyeona ni daktari kijana, aliyeomba picha ya harusi. Akaiweka kando ya uso ule: taya limesogea mbele, pua imepanuka, meno yameachana. Ugonjwa huo Mfaransa Pierre Marie aliuita akromegali mwaka 1886. Chanzo ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Uvimbe humwaga homoni ya ukuaji kwa mtu aliyekwisha kukua.

Kabla hajapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa, nilisoma historia, nikaogopa. Machi 1907, huko Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer aliifikia tezi hiyo kwa kupitia puani. Mgonjwa wake alifariki miezi miwili na nusu baadaye. Mwaka 1909, Harvey Cushing wa Baltimore, Marekani, alimpasua mkulima mwenye akromegali, naye akaishi. Kati ya 1910 na 1925 Cushing alipasua uvimbe 231 kwa njia hiyo. Walifariki takriban wagonjwa 6 katika kila 100. Enzi hizo, kufaulu ni kutoka hai.

Miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal, Kanada, alileta hadubini kwenye upasuaji huo, na swali likabadilika: je, homoni imerudi kwenye kiwango chake? Uvimbe ukiwa chini ya sentimita moja, daktari mzoefu hufanikiwa kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10. Ukiwa mkubwa, ni kama nusu tu.

Wa mama mkubwa ulikuwa mkubwa. Homoni ilishuka, haikufika. Bado anatumia dawa. Kichwa kimeacha kumuuma. Vidole vimepungua, na pete, baada ya sonara kuiunga, inaingia tena. Taya halikurudi, kwa sababu mfupa uliokwisha kukua haurudi nyuma.

Miaka tuliyosema anazeeka imebaki usoni pake.