Mwanzo Wetu wa Unyonge

Jubilei ina furaha yake, nayo ina hatari yake. Furaha ni kumshukuru Mungu. Hatari ni kuhesabu makanisa, shule na majina ya Wakristo kana kwamba ni mali tuliyoichuma wenyewe. Kwa hiyo twaona yafaa kukumbuka jinsi Misheni ya Vyuo Vikuu ilivyoanza katika pande zetu. Maana haikuanza kwa ushindi, ilianza kwa kushindwa.

Mwaka 1857 Dakta Livingstone alisema na watu wa chuo cha Cambridge, akawasihi wasiisahau Afrika. Mioyo mingi iliwaka, fedha zikakusanywa, na tarehe 1 Januari 1861 Charles Mackenzie akawekwa wakfu kuwa askofu katika mji wa Cape Town. Elimu ilikuwapo, mali ilikuwapo, hata bunduki zilikuwapo. Wakakaa Magomero, katika nchi ya mto Shire, pamoja na watumwa waliofunguliwa. Wakaingia katika vita vya Wamanganja na Wayao, wakidhani ya kuwa silaha zitawaokoa wanyonge. Ndipo zilipokuja njaa na homa. Mtumbwi wa Askofu ukajaa maji, dawa zikapotea, naye akafa tarehe 31 Januari 1862, akazikwa kando ya mto. Tangu kuwekwa wakfu ilikuwa miezi 13 tu.

Askofu Tozer, aliyemfuata, aliiacha nchi ile, akahamia Unguja mwaka 1864 pamoja na Padre Edward Steere. Wako waliomlaumu, wakaona kuwa ni aibu. Huko Sultani Majid akawapa watoto watano, wavulana waliotolewa katika jahazi la watumwa. Tazameni basi: fedha na elimu ya vyuo vikuu, na makaburi yale ya Shire, na mwisho wake watoto watano wasio na baba wala mama wa kuwapokea!

Walakini hapo ndipo Mungu alipopanda. Mmoja wa watano hao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwaka ule ule, siku ya Noeli, ibada ilifanywa katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa upadre, wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile. Akafanya kazi Chitangali, kati ya watu wa kabila lake. Jina lake latosha kuwa hotuba: yaliyo majaliwa hayanunuliwi, hupewa mtu.

Hatusemi ya kuwa kazi si kitu. Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii nyingi, akakipigia chapa vitabu. Mkulima hulima, hupalilia, hulinda ndege. Lakini mvua si yake. Akivuna akajisifu kwa jembe lake, amesahau mawingu.

Neno hili latuhusu kwanza sisi walimu. Mara ngapi tumemkemea bibi mzee katika darasa la ubatizo, kwa kuwa hawezi kuyashika maneno kwa moyo, tukamrudisha nyuma mwaka wa pili na wa tatu, na huku twajua kwamba husali kuliko sisi? Twampima kwa kile tulichokipata shuleni, nacho pia tulipewa. Kama wale watano wangalipimwa hivyo siku waliposhuka jahazini, nani angaliwapokea?

Basi tuishike jubilei hii kama warithi wa maskini. Twende kwa yule tuliyemrudisha, tukae naye chini, tumfundishe kwa upole, tukikumbuka ya kuwa sisi nasi tulipokewa mikono mitupu. Mungu, aliyeanza kwa watoto watano, atupe neema ya kuwa wadogo mbele zake.