Watoto wa Soni na Miaka Inayohesabiwa na Sheria



Ndugu wapendwa, juma hili tunaomba uvumilivu wenu, maana tunagusa jambo ambalo wengi wetu tungependa lipite kando ya mlango wa kanisa bila kubisha hodi. Tunawazungumzia watu waliodhulumiwa na mapadre walipokuwa watoto, na msaada wa sheria walioutafuta walipokwisha kuota mvi. Hapa Songea tumezoea kusema kwamba hayo ni mambo ya Marekani na Ireland. Sivyo. Kimojawapo cha visa ambavyo watendaji wenyewe walikiri kilitokea katika nchi yetu, katika milima ya Usambara.

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni, penye maporomoko ya maji. Hapo palikuwa na shule ya bweni ya Mtakatifu Mikaeli, iliyoendeshwa na mapadre wa shirika la Warosmini. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wake walikuwa hasa wavulana wa Kizungu, ambao wazazi wao walifanya kazi huku Afrika Mashariki. Wavulana hao walipigwa kupita kiasi, na baadhi yao walichezewa miili yao na mapadre waliokabidhiwa kuwalea. Tumetumia neno laini. Jina lake halisi ni udhalilishaji wa kijinsia, na tendo hilo ni jinai.

Walikaa kimya kwa takriban miaka arobaini. Wengine walioa, wakazaa, wakazeeka bila kumwambia hata mke. Kisha ikaja intaneti. Wazee waliokuwa wakitafutana kwa ajili ya kukumbushana habari za shule wakagundua, mmoja baada ya mwingine, kwamba kila mmoja alikuwa akibeba mzigo uleule akidhani ni wake peke yake. Waliwaandikia mapadre wale waliokuwa bado hai, nao wakajibiwa kwa barua za kukiri na kuomba radhi.

Mmoja wa walioomba radhi alikuwa Padre Kit Cunningham. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Etheldreda jijini London, rafiki wa waandishi wa habari, mtu aliyetunukiwa nishani na Malkia. Aliirudisha nishani hiyo kabla ya kufa. Alifariki Desemba 2010, na magazeti yakamwandikia sifa tele, kwa kuwa barua zile zilikuwa bado sandukuni mwa waliozipokea. Juni 2011 televisheni ya BBC ikaonyesha filamu juu ya shule ya Soni na shule nyingine ya shirika hilo huko Uingereza. Waliokuwa wameandika zile sifa walifadhaika sana.

Mkuu wa shirika nchini Uingereza aliomba radhi hadharani. Lakini maneno ya toba peke yake hayakuwatosha wale wazee, na sisi hatuthubutu kuwalaumu: katika katekisimu tunawafundisha watoto wetu kwamba aliyeiba hana budi kurudisha. Wanaume zaidi ya 20, wa shule zile mbili, walilishitaki shirika wakidai fidia.

Hapa ndipo historia ya sheria inapoingia, nayo yafaa tuifuate polepole. Mwaka 1993 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kwamba aliyedhulumiwa kwa makusudi alikuwa na miaka sita tu ya kudai, ikihesabiwa tangu alipotimiza miaka 18. Baada ya hapo hakuna hakimu aliyeweza kumfungulia mlango, hata kama alimhurumia. Januari 2008 Baraza hilohilo lilibatilisha uamuzi wake. Kesi kuu iliyoleta badiliko hilo ilimhusu mfungwa aliyekuwa ameshinda mamilioni ya bahati nasibu, na mwanamke aliyemshambulia akataka kumdai. Hivyo njia za haki zinaweza kuwa za ajabu. Tangu siku hiyo hakimu wa Uingereza anaweza kuuliza kwa nini mtu amechelewa, na akiridhika kwamba ni haki kufanya hivyo, akaisikiliza kesi ya miaka mingi. Bila uamuzi ule, wazee wa Soni wangefika mahakamani na kukuta kufuli.

Tusisahau jambo moja la kusikitisha. Mwanzilishi wa shirika lile, Antonio Rosmini, aliyetangazwa mwenyeheri mwaka 2007, aliandika kitabu juu ya majeraha matano ya Kanisa. Kilichapishwa mwaka 1848, na mwaka uliofuata Roma ikakipiga marufuku. Mtu aliyethubutu kuyataja majeraha alinyamazishwa kwanza, akaheshimiwa baadaye.

Lakini wazee wale walikuwa Waingereza, wenye mawakili wa Uingereza. Mtoto wa Kisambaa wa enzi ileile, au wa Kingoni, au wa Kimatengo, angempata wakili wa wapi? Sheria yetu ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Saa haianzi kuhesabu mdai akiwa mtoto, ila akishatimiza miaka 18 inaanza. Uwezo wa mahakama kuongeza muda kwa sababu za msingi umewekwa kwa rufaa na maombi, si kwa shauri jipya. Kwa hiyo akifika miaka 21 mlango wa fidia umefungwa. Wale wa Soni walihitaji miaka arobaini ili wapate ulimi wa kusema.

Jinai ni habari nyingine, kwa kuwa makosa mazito hayafi kwa kupita miaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimtaja waziwazi kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Iliruhusu pia mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kanisa nalo limebadilika, ingawa kwa kuchelewa: mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa wote kutoa taarifa kwa wakubwa wa Kanisa, na Desemba mwaka huohuo akaiondoa siri ya kipapa juu ya kesi hizi.

Kwa hiyo mwana wa parokia mwenye miaka arobaini, aliyetendewa akiwa na kumi, hahitaji ruhusa ya paroko wala ya halmashauri ya walei ili aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Akiwa hana fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humsikiliza na kumwelekeza bila malipo. Asiambiwe kwamba amechelewa. Kwa upande wa fidia huenda ni kweli, na hilo ni la Bunge kulitazama. Kwa upande wa jinai si kweli, na anayemwambia hivyo, hata akiwa amevaa kanzu kama sisi, anamdanganya.