Shule Mbili za Bonde la Inanda

Mwaka 1893 wakili kijana aitwaye Mohandas Gandhi alisafiri kutoka Bombay kwenda Natal. Meli yake ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku kadhaa akingoja meli nyingine. Alipita katika bahari ileile iliyowaleta babu zetu, na labda ndiyo sababu picha yake haikosekani katika kumbi zetu. Maisha yake yanajulikana, nasi hatukusudii kuyarudia. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu tumeona vyema kusimulia habari za shamba aliloliacha Afrika Kusini, na za shule iliyokuwa kilima cha pili kutoka hapo. Kitabu kitasomwa na waumini wa hekalu na pia na majirani zetu, basi tutasimulia yaliyo mema na yaliyo machungu.

Inanda ni nchi ya vilima kaskazini mwa Durban, katikati ya mashamba ya miwa. Miwa hiyo ndiyo iliyowavuta Wahindi wa kwanza, waliofika Natal mwaka 1860 kwa kazi ya mkataba. Walipomaliza miaka ya mkataba, baadhi yao walinunua vipande vya ardhi humohumo Inanda na kukaa bega kwa bega na Wazulu.

Shule ya kwanza kati ya hizo mbili iliasisiwa na mwana wa Inanda mwenyewe. John Langalibalele Dube alizaliwa hapo mwaka 1871, akasoma Oberlin nchini Marekani, na alipozuru chuo cha Tuskegee alivutiwa na elimu iliyounganisha kitabu na jembe. Aliporudi, yeye na mkewe Nokutela walifungua shule ambayo baadaye iliitwa Ohlange, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Fedha nyingine zilitoka kwa kamati ya wafadhili huko Marekani, lakini hizo peke yake zisingetosha. Nokutela alifundisha muziki na kazi za nyumbani. Wavulana walifunzwa useremala, ushonaji wa viatu, uchapaji na kilimo. Miaka ilipokwenda, kwaya ya shule chini ya mwalimu Reuben Caluza ilizunguka mijini ikiimba ili kuichangia shule, na ni kwaya hiyo iliyosaidia kuueneza wimbo ambao leo Afrika nzima inaujua, Nkosi Sikelel' iAfrika. Albert Luthuli, aliyepata baadaye Tuzo ya Amani ya Nobel, alikaa Ohlange kwa muda mfupi akiwa mwanafunzi. Hatuwezi kuyataja yote, ila tunaona kwamba Ohlange tangu siku ya kwanza ilikuwa mali ya watu waliokuwa wakiizunguka.

Ya pili ilianza mwishoni mwa mwaka 1904. Gandhi alinunua ekari 100 hivi karibu na stesheni ya Phoenix kwa pauni 1,000, shamba lenye chemchemi ndogo na miti michache ya michungwa na miembe. Mfanyabiashara Parsi Rustomji alitoa mabati ya kujengea banda la mtambo wa kupiga chapa, na gazeti la Indian Opinion likahamia huko. Kila familia ilipewa ekari 3 na kila mfanyakazi ujira wa pauni 3 kwa mwezi, bila kujali rangi wala taifa. Watoto wa makazi walisoma na kulima. Mwaka 1912 shamba lilikabidhiwa kwa wadhamini, likawa amana ya umma.

Je, majirani hawa wawili walijuana? Walijuana. Mwaka 1905 Gandhi alimsikia Dube akihutubia, akamsifu gazetini. Novemba 1912 alimpeleka mgeni wake Gopal Krishna Gokhale kuitembelea Ohlange, wakapokewa kwa heshima. Lakini tusijidanganye. Katika miaka yake ya kwanza Natal, Gandhi aliandika juu ya Waafrika kwa maneno ya dharau na kudai kwamba Wahindi wasiwekwe fungu moja nao. Mawazo yake yalibadilika kadiri alivyokaa, hata hivyo vile vilima viwili viliendelea kuwa na magazeti mawili, mapambano mawili na shule mbili, na njia iliyoviunganisha ilikuwa nyembamba. Sisi ambao mababu zetu walijenga shule na zahanati zao ndani ya kuta zao tunaielewa njia hiyo vizuri mno.

Gandhi aliondoka mwaka 1914. Mwanawe Manilal aliliendesha gazeti kuanzia mwaka 1920 hadi alipofariki mwaka 1956, na mkewe Sushila akalishika mpaka lilipofungwa mwaka 1961. Wakati huo ndipo shamba lilipofungua mlango wake kwa upana zaidi: palikuwa na shule yenye jina la Kasturba, mkewe Gandhi, na zahanati iliyowatibu watu wa vijiji vya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa rangi mbalimbali walikutana huko katika kambi za kazi, jambo ambalo serikali ya ubaguzi haikulipenda hata kidogo.

Nje ya uzio mambo yaliharibika. Watu waliofukuzwa kwingine walimiminika Inanda, wakapanga vibanda katika ardhi ambayo sehemu yake ilimilikiwa na Wahindi. Kisha ukaja ukame, na pamoja nao homa ya matumbo. Aliyekuwa na kisima na aliyekuwa na ndoo tupu waliitana mwenye nyumba na mpangaji. Neno jirani lilisahauliwa. Tarehe 1 Agosti 1985 wakili Victoria Mxenge aliuawa nje ya nyumba yake, na hasira ikawaka Durban nzima. Ilipofika Inanda iligeukia maduka na nyumba za Wahindi. Familia zilikimbia, nyingi zikiwa na nguo walizovaa tu. Sarvodaya, nyumba aliyoijenga Gandhi, iliteketea, na huduma za shamba zikasambaratika. Serikali iliyopanda mbegu ya utengano ndiyo yenye lawama kubwa kuliko wote. Hata hivyo tunajiuliza, na tunalichukulia swali hili kuwa letu pia: kama mlango ule ungefunguliwa nusu karne mapema, je, mikono iliyobeba moto isingekuta mikono mingine ya kuuzuia?

Tarehe 27 Aprili 1994 Nelson Mandela alichagua kupiga kura yake ya kwanza Ohlange, na pia akasimama kando ya kaburi la Dube. Shule hiyo, ambayo ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa serikali, ingali inafundisha. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliifungua upya Phoenix, na Sarvodaya imejengwa tena mahali pake. Kuizunguka kuna nyumba za watu waliohamia shambani baada ya moto, wengi wao maskini. Mtaa wao wanauita Bhambayi, yaani Bombay kwa matamshi ya Kizulu.