Usalama wa maabara za viini hatari hutegemea ukarabati

Maabara zinazochunguza viini vya magonjwa hugawanywa katika viwango vinne vya usalama. Kiwango cha kwanza ni cha vijidudu visivyomdhuru mtu mwenye afya njema, ilhali cha nne ni cha virusi vinavyoua kama vile Ebola na Marburg.

Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ina maabara za kiwango cha tatu. Afrika Kusini ina maabara ya kiwango cha nne jijini Johannesburg.

Katika vyumba hivi, shinikizo la hewa huwa chini kuliko la nje. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia badala ya kutoka. Hewa inayotolewa hupitishwa katika vichujio vinavyonasa angalau asilimia 99.97 ya chembechembe zenye upana wa mikromita 0.3.

Aidha, milango huwa miwili, na mmoja haufunguki kabla ya mwingine kufungwa. Taka huchemshwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 au zaidi, na maji taka huuliwa viini kwa joto au kemikali kabla ya kuachiliwa.

Hata hivyo, mitambo hiyo yote huchakaa. Vichujio huziba, mpira wa milango hukauka, feni hulegea na mabomba hupasuka. Ndiposa vichujio hupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na jenereta za dharura hujaribiwa mara kwa mara.

Kupuuza kazi hii kumewahi kuleta maafa. Mnamo Aprili 1979, watu wasiopungua 66 walikufa kwa ugonjwa wa kimeta katika mji wa Sverdlovsk, Muungano wa Kisovieti, baada ya viini kuvuja kutoka kituo cha kijeshi. Kwa mujibu wa Ken Alibek, aliyekuwa afisa mkuu katika mpango wa silaha za kibayolojia wa nchi hiyo, kichujio kilichoziba kiliondolewa na zamu iliyofuata ikawasha mashine bila kujua.

Nchini Uingereza, ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa mnamo Agosti 3, 2007 katika shamba lililo karibu na kituo cha Pirbright, jimbo la Surrey. Kufikia mwisho wa Septemba, mashamba 8 yalikuwa yameambukizwa.

Wachunguzi walisema yaelekea virusi vilipenya kupitia mabomba ya maji taka yaliyokuwa yamezeeka na kupasuka. Mvua kubwa ilifurisha eneo hilo, na malori ya ujenzi yakabeba udongo hadi barabara iliyopita karibu na shamba hilo. Haja ya kubadilisha mabomba hayo ilijulikana kwa miaka kadhaa, lakini wahusika hawakuwa wamekubaliana kuhusu nani angelipa.

Kwa mfugaji wa Kenya, ambaye soko la mifugo hufungwa ugonjwa huo unapozuka, somo li wazi. Kujenga maabara hugharimu mara moja, lakini kuitunza hugharimu kila mwaka. Bajeti isiyotenga fedha za mafundi, vipuri na ukaguzi huacha ufa, na wahenga walishaonya kuwa asiyeuziba atajenga ukuta.